Uozo Uliporudi

Ng'ombe wa mwisho wa Ambakisye alikufa akiwa amesimama, ameegemea ukuta wa zizi, na ikapita nusu siku kabla mtu hajatambua kwamba amekufa. Tumbo lake lilikuwa limejaa kama la mwenye mimba. Mbavu zilikuwa zimemtoka zote. Ambakisye alituma ujumbe kituo cha utafiti kumwita dada yake mdogo, Dokta Tupokigwe Mwandemele, ambaye kazi yake ilikuwa udongo na vijidudu vyake. Alitaka aambiwe jambo moja tu: imekuwaje mnyama aliyekula kutwa nzima afe kwa njaa.

Tupokigwe alipanda kilima na kisu na glavu. Walimlaza ng'ombe ubavu, akampasua. Majani yalimwagika kutoka tumboni yakiwa mabichi, yametafunwa lakini hayajayeyuka, na mengine yalikuwa ya majuma mengi nyuma. Hayakuwa na harufu yoyote. Alichukua unyasi mmoja akauinua kwenye mwanga. Juu yake kulikuwa na utando mwembamba unaong'aa, kama njia aliyopita konokono.

"Ni Mlinzi," alisema. "Sasa ameingia tumboni mwao."

Ambakisye hakushangaa. Mbuzi wake walikuwa wametangulia msimu uliopita, wote kwa namna hiyo hiyo. Aliuliza kama watu nao watafika huko. Tupokigwe akamwambia hapana, maadamu chakula kinapikwa. Moto unavunja ule utando. Ng'ombe hapiki. Ng'ombe anategemea vijidudu vya tumboni mwake vimmeng'enyee majani, na Mlinzi alikuwa akiyafunika majani kabla havijayagusa.

Walitaka kumzika, lakini ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu na jembe lilidunda. Siku hizi mzoga ungeweza kukaa mahali ulipoanguka mwaka mzima bila inzi kuusogelea. Mwishowe walimburuta hadi chini ya migomba, wakamfunika kwa majani makavu. Majani hayo hayakuwa haba. Yalikuwa yamerundikana shambani hadi usawa wa madirisha, ya mwaka huu juu ya ya mwaka jana juu ya ya mwaka juzi, yote mazima. Migomba iliyosimama katikati yake ilikuwa na rangi ya manjano, na mikungu yake haikuzidi kiganja cha mtu mzima.

Bupe, binti wa Ambakisye, alikuwa amekaa kizingitini akitazama. Mama yake, Atuganile, alimwambia aingie ndani. Kisha akamwambia Tupokigwe, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mtoto atalazimika kuzoea uji bila maziwa.

*

Mlinzi alikuwa ametengenezwa kwa nia njema, na hilo Tupokigwe hakuwahi kulikana. Zamani theluthi ya mavuno ya nyanda hizi ilikuwa ikiharibika kabla ya kuliwa. Ndizi zilioza njiani, mahindi yaliota ukungu, na watu walikuwa wakifa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu huo inayoharibu ini. Wataalamu wakaunda kijidudu kinachotua juu ya kitu kilichokufa au kilichochumwa, na kukivika utando ambao hakuna kuvu wala bakteria anayeweza kuukata. Kilipulizwa kwenye maghala. Mwaka wa kwanza watu walikula ndizi za Januari mwezi wa Oktoba, nao wakaimba makanisani. Maghala mapya yalijengwa bila kuta, paa tu juu ya nguzo, kwa kuwa hapakuwa na cha kuogopa.

Halafu upepo na mvua vikamchukua Mlinzi vikampeleka kila mahali. Kwanza alifunika mazao, baadaye majani yaliyoanguka msituni, baadaye mizizi, samadi, mizoga, vyoo. Kila kilichokufa kikabaki kama kilivyokufa.

Tupokigwe aliipata dawa ya Mlinzi kwenye tope la chemchemi ya maji ya moto, mahali ambapo Mlinzi hakuweza kuishi. Ilikuwa kuvu ya kijivu, dhaifu kwa kuitazama, na chakula chake kilikuwa ule utando wenyewe. Kituoni waliiita Ufunguo. Siku waliyoijaribu waliweka ndizi mbivu ndani ya mtungi wa kioo uliofungwa, wakaipandikizia kuvu hiyo, wakasubiri. Ndizi iliingia madoa, ikawa nyeusi, ikalegea, ikatoa maji. Mkuu wa kituo, Profesa Gwamaka, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alifungua kifuniko kidogo akainamisha pua. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalikuwa na machozi. Akasema inanuka kama nyuma ya jiko la mama yake.

Kisha akamtaka Tupokigwe akae chini, amweleze kitakachotokea Ufunguo ukitoka nje ya mtungi ule.

Tupokigwe alikwisha kufanya hesabu hiyo mara nyingi. Ufunguo ungesafiri kwa upepo kama Mlinzi alivyosafiri. Msimu mmoja wa mvua ungetosha. Na kwenye msimu huo huo maghala yote yasiyo na kuta yangeoza, na ndani yake ndimo mlimokuwa na chakula cha nchi, kwa sababu mashamba hayakuwa yakitoa tena kitu cha maana.

*

Baraza la Akiba, lililosimamia maghala, liliwaita wote wawili wakajieleze. Lilikuwa na wajumbe wachache, na mwenyekiti wake alikuwa Bi Ikupa Mwasandube, mama mtaratibu aliyekuwa na sifa ya kutolala watu wakiwa na njaa. Aliuliza kwa nini wasiendelee na Mlinzi huku wakileta mbolea ya viwandani.

Tupokigwe alijitahidi kusema kwa maneno mepesi. Aliwaambia kwamba jua hutoa nguvu mpya kila asubuhi. Jani huikamata, ng'ombe hula jani, mtu hula ng'ombe, na katika kila hatua sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotea ikawa joto. Haidhuru, kwa kuwa kesho jua litatoka tena. Rutuba ni jambo jingine. Rutuba haidondoki kutoka juani. Ni ile ile waliyoila mababu, inayotoka ardhini kwenda kwenye mgomba, kwenye mgomba kwenda kwa mtu, na mwishowe yote hurudi chini kwa kuoza ili igawiwe upya. Sasa ilikuwa imefungiwa ndani ya majani makavu, mizoga na makaburi. Mbolea ya magunia ingeweza kulisha shamba moja moja, lakini si msitu wa Mlima Rungwe. Msitu ule ukifa, vijito vinavyoshuka kutoka kwake vinakauka, na baada ya hapo hakuna gunia litakalosaidia.

Bi Ikupa alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akasema wajenge kwanza maghala yenye kuta na milango ya kubana. Ingechukua miaka mitatu. Wakimaliza, Ufunguo uachiliwe.

"Miaka mitatu hatuna, mama," Tupokigwe alijibu. "Ufunguo wenyewe hauozeshi kitu, unaondoa utando tu. Kazi ya kuozesha ni ya kuvu wengine na minyoo na wadudu, nao wanakufa kwa njaa kila mwaka. Baada ya misimu miwili ya mvua watakuwa wamekwisha, tutafungua mlango na ndani hamna mtu."

"Una hakika gani?"

Tupokigwe alisema ukweli, kwamba hakuwa na hakika kamili. Vipimo vyake vilionyesha hivyo, na vipimo vinaweza kukosea.

Bi Ikupa alivua miwani. "Ukiachilia leo, watakaokufa nawajua kwa majina. Nimekula kwao. Unaniomba niwaue kwa jambo ambalo huenda lisitokee." Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Kura zikapigwa. Baraza likaamua kusubiri, na kwamba kuvu yote iliyoko kituoni ichemshwe, isije ikatoka kwa bahati mbaya.

Waliporudi kituoni ilikuwa Ijumaa mchana. Profesa Gwamaka alisimama mbele ya kabati la vioo akiitazama mitungi. Alimwambia Tupokigwe kwamba ameagizwa kuichemsha na ataichemsha, lakini amechoka kwa safari, atafanya Jumatatu. Akamkabidhi funguo za maabara kama alivyokuwa akimkabidhi kila mwisho wa juma, akaenda nyumbani. Tupokigwe alielewa. Mzee alikuwa hataki kuamua, na alikuwa amemwachia yeye.

*

Alikwenda kwanza kwa kaka yake, mtungi ukiwa ndani ya mkoba. Walikaa nyuma ya nyumba, na Atuganile alikuwa karibu akimenya ndizi. Tupokigwe aliwaeleza yote: dawa, maghala, baraza, msitu. Akauliza afanye nini.

Ambakisye aliokota jani kavu, akalivunja, akakiangalia kipande kilichobaki mkononi. Atuganile ndiye aliyejibu.

"Usituulize sisi, wifi. Mimi nina mtoto. Ukiniuliza nitakwambia hapana, leo na kesho na mwaka kesho. Kama unataka ruhusa, haipo hapa."

Tupokigwe akasema hakuja kuomba ruhusa, ila hakuweza kufanya bila wao kujua. Akawaambia kwamba kama atafanya, waanze leo kukausha ndizi na mahindi yote waliyonayo, wayafukize moshi, wayafungie ndani ya mapipa, mifuniko waizibe kwa nta. Nyama ya ng'ombe wao, iliyolala chini ya majani bila kuharibika, waichemshe na kuikausha. Wasimwambie mtu. Habari ikivuja, baraza litamzuia na msitu utakufa.

Ambakisye aliuliza, na hao wengine je. Majirani.

Tupokigwe aliinuka akawaaga. Bupe alimkimbilia akamsindikiza hadi barabarani akiwa ameshika kidole chake, akimsimulia habari za kifaranga kipya cha jirani, na Tupokigwe alimwitikia hadi walipoagana.

Jumamosi asubuhi alipanda msituni peke yake. Miti ilikuwa mirefu kama zamani, lakini vilele vyake vilikuwa vikavu, na chini yake majani yalimfika kiunoni, akawa anatembea kama mtu anayevuka mto. Hakukuwa na ndege. Alipofika juu, penye upepo, alifungua mtungi. Alikaa nao mapajani mpaka jua likawa utosini. Aliwafikiria watu waliotegemea maghala aliowafahamu, mmoja mmoja, akajaribu kujiaminisha kwamba wangejipanga, kwamba serikali ingeleta msaada, kwamba vipimo vyake vimekosea upande mwingine na uozo ungeenda polepole. Hakufanikiwa kuamini hata moja. Hata hivyo alimwaga. Unga wa kijivu ulitawanyika juu ya majani, mwingine ukapeperuka ukielekea bondeni, kwenye makazi ya watu.

*

Mvua zilipoanza, harufu ilitangulia. Watu walitoka nje wakanusa wakatazamana. Wazee waliijua, watoto wakaiogopa. Ghala la kwanza lilioza kabla baraza halijakutana. Mahindi yaliota ukungu wa kijani, yakashikana mabonge, na walinzi wakayachimbua kwa majembe wakitafuta chini palipo salama. Hapakuwa na palipo salama. Baraza lilidhani Mlinzi amebadilika mwenyewe. Bi Ikupa alimwita Tupokigwe, akamwomba azunguke vijijini kuwafundisha watu kufukiza na kufungia chakula. Alimwomba kwa unyenyekevu, akamshukuru kabla hajaanza.

Tupokigwe alizunguka. Alifundisha kwa bidii kuliko mtu yeyote, na kila alikofika alikuta wamechelewa. Alikuwa akilala kwenye nyumba za watu ambao alijua hawatafika msimu ujao, wakimpa kitanda chao na kumwita mwalimu. Hakumwambia mtu. Msaada kutoka mbali ulikuja kidogo, kwa maana upepo ulikuwa umefika na huko.

Kwa kaka yake mapipa yalikuwa yamejaa, yamezibwa kwa nta. Chakula kile kingewafikisha watatu hao hadi mavuno. Lakini mama wa nyumba ya pili alikuja na watoto wake akakaa uani bila kuomba chochote, na Ambakisye akafungua pipa. Baadaye walikuja wengine. Atuganile alimwambia mumewe aufikirie mkono wa Bupe ulivyokuwa umekonda, akamshika mtoto akamwonyesha. Ambakisye alilia, akaendelea kugawa. Alichosema ni kimoja, naye alikirudia kila mara: "Wao hawakuambiwa."

Mapipa yalikwisha katikati ya mvua.

Bupe alikuwa amezaliwa baada ya Mlinzi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona chakula kinachodhuru. Siku moja alikwenda na watoto wengine hadi ghala la kata, mahali walipotupa mabonge ya mahindi, wakachagua yaliyokuwa na rangi nzuri zaidi. Waliyatafuna. Alirudi nyumbani amemletea mama yake mengine kwenye gauni, akiwa na furaha. Baada ya siku chache macho yake yalianza kuwa ya manjano. Zahanati ilikuwa haina dawa wala mganga, na ini la mtoto halingojei.

Habari zilimfikia Tupokigwe wakiwa wamekwisha kumzika, nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kama ilivyo desturi. Udongo ulikuwa umelegea kwa mvua na jembe lilizama kwa urahisi. Ambakisye alimweleza hilo, kwamba jembe lilizama. Tupokigwe alisimama kando ya kilima kile kidogo. Alijua kila kitu kilichokuwa kikiendelea chini yake, nani anaanza na nani anafuata na kwa muda gani, na akatamani asingewahi kusoma. Atuganile hakutoka ndani.

*

Vipimo vyake havikuwa vimekosea. Msitu ulipona, ingawa si wote. Majani yaliyorundikana yalishuka chini kidogo kidogo, yakawa meusi, yakawa udongo, na minyoo ikaonekana tena. Ndani ya udongo ule mlikuwa na rutuba ya miaka mingi iliyokuwa imefungwa, na yote ilitoka kwa mkupuo. Migomba ilinenepa hadi watu wakaitilia miti ya kuiegemeza. Waliobaki walikula, wakashiba, wakazaa. Vijiji vingine havikuwa na wa kula, na migomba huko ilizaa vilevile, mikungu ikaanguka yenyewe.

Profesa Gwamaka alifariki kwenye njaa ile. Bi Ikupa alijiuzulu, akaenda kuishi kwao, na watu wakawa wanasema alilala akiwa macho wazi nchi ikaangamia. Tupokigwe aliyasikia maneno hayo sokoni, na mara mbili alifungua mdomo kuyakanusha, akaufunga.

Mwaka huo wa neema Ambakisye alimwita. Alimkuta amezeeka, anatembea na fimbo, maneno yamempungua. Atuganile alimkaribisha kwa heshima zote. Alimnawisha mikono. Akaleta sahani ya ndizi zilizopikwa kwa nazi, zimekatwa kubwa kubwa, zinatoa mvuke, akaiweka mbele ya wifi yake, kisha akaketi mkabala naye. Yeye hakujipakulia.

Tupokigwe alizitazama zile ndizi. Akaangalia nje, nyuma ya nyumba, ambako migomba ilikuwa imefunga kama ukuta. Mgomba mmoja kando ya kaburi ulikuwa umekatwa juzi au jana, utomvu bado unang'aa kwenye shina.

"Ni wa pale," Atuganile alisema. "Ndio uliozaa kuliko yote."

Ambakisye aliinamisha kichwa. Tupokigwe alisema hawezi.

"Utakula, wifi," Atuganile akamwambia, taratibu. "Sijamwambia mtu yeyote uliyoyafanya, na sitamwambia. Watu wanashiba, nimeona kwa macho yangu. Labda ulikuwa sahihi, mimi sijui hesabu zako. Ila hiki utakila hapa, mbele yangu, chote. Ukimaliza uende, na usirudi kwangu tena."

Tupokigwe alichukua kipande cha kwanza. Ndizi zilikuwa laini na tamu, tamu kuliko ndizi yoyote aliyowahi kula tangu utotoni, na mwili wake, uliokuwa na njaa ya miaka, ulizipokea bila kumwuliza. Alikula huku machozi yakimdondokea sahanini, Atuganile akimtazama hadi kipande cha mwisho. Kisha alinawa, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru, akatoka.